Hasira za Mzazi na Mtoto Mdogo: Mwongozo wa Kupunguza Milipuko na Kutengeneza Kilichoharibika

Mwongozo huu ni wa yeyote anayelea mtoto kuanzia mchanga hadi wa miaka sita hivi: mama, baba, bibi, shangazi, au dada anayeshinda naye nyumbani. Haukutaki uache kukasirika. Hasira utakuwa nayo, maana mtoto mdogo huchosha, na maisha yanayomzunguka mzazi huchosha zaidi. Tunachozungumzia hapa ni mlipuko: kufoka mpaka sauti inakauka, kubamiza mlango, kutupa sahani, kumwambia mtoto "leo nitakuua" au "sijui hata kwa nini nilikuzaa", kumshika mkono na kumvutavuta. Naingiza pia kununa, yaani kumnyima mtoto sauti na uso wako siku nzima, kwa sababu kwa mtoto mdogo ukimya wa namna hiyo ni adhabu kali.

Ushike jambo moja tangu mwanzo. Mtoto wa umri huu haisikii sababu ya hasira yako, anaisikia hasira tu. Wewe unafoka habari ya uji uliomwagika. Yeye habari ya uji haimfikii kabisa. Anachoona ni kwamba mtu anayemkimbilia akiogopa ndiye leo anayemwogopesha, na hana pengine pa kukimbilia. Ndiyo maana nusu ya kazi ni kuzuia mlipuko, na nusu nyingine, ambayo wengi wetu hatukuiona ikifanywa na wazee wetu, ni kurudi kwa mtoto baada ya mlipuko.

Kinachotokea ndani ya mtoto

Tuanze na mchanga, kwa sababu husemwa sana kwamba "huyu bado haelewi". Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, wakiongozwa na Alice Graham, walipiga picha za ubongo za watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini. Walisikilizishwa sauti ya mwanamume ikitamka maneno yasiyo na maana, mara kwa furaha, mara kwa kawaida, mara kwa hasira. Watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mwingi kati ya wazazi, bongo zao ziliitikia sauti ya hasira kali kwa nguvu zaidi kuliko za wenzao, katika sehemu zinazohusika na msongo na kutawala hisia. Na hapo walikuwa wamelala. Kwa hiyo baba na mama wanaosubiri mtoto asinzie ndipo waanze kugombana kando ya kitanda chake hawajamkinga kama wanavyodhani.

Kuhusu kununa, kuna jaribio la miaka ya 1970 la mwanasaikolojia Edward Tronick. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaambiwa aukaushe uso kwa dakika chache tu: asitabasamu, asiseme, asiitikie. Mtoto anajaribu kumrudisha mama yake. Anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Akishindwa, anageuza uso, analegea, analia. Dakika chache hizo. Fikiria mtoto ambaye mama yake amemnunia tangu asubuhi kwa sababu ya kikombe kilichovunjika.

Ndani ya mwili, kitisho huamsha homoni za dharura, adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi yake. Mfumo huu si mbaya, ndio unaomwezesha mtu kumkimbia nyoka. Ubaya unaingia pale unapowashwa mara kwa mara bila mtu mzima wa kumtuliza mtoto. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kujizuia, kupanga na kukumbuka maagizo, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Mtoto wa miaka mitatu anayo changa sana, na hofu ikipanda hata ile kidogo inaacha kumsaidia. Unapomuuliza kwa ukali "nimekwambia mara ngapi?", hana uwezo wa kutafuta jibu. Anaganda, nawe unasoma kiburi. Wengine hucheka. Hicho ni kicheko cha woga, lakini kimewaponza watoto wengi, maana mzazi akikiona hupandwa na ghadhabu maradufu.

Dalili hutofautiana kwa umri. Mchanga hushtukashtuka, hukataa kunyonya, hulala vibaya. Wa mwaka mmoja hadi mitatu huganda au hung'ang'ania miguu ya yule yule aliyemfokea, na kesho yake utamkuta anamfokea mdoli au paka kwa maneno yako yenyewe. Wa miaka mitatu hadi sita yuko katika umri wa kuamini kwamba mambo yote yanatokana na yeye: baba akifoka kwa sababu kazi imeharibika, mtoto anahitimisha kwamba yeye ni mbaya. Hitimisho hilo halitamki. Utaliona akianza tena kukojoa kitandani, akisingizia wenzake kila kitu, au akiuliza kila saa, "Mama umekasirika?"

Swali hilo lisikilize vizuri. Mtafiti Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha kwamba watoto waliopigwa na kuteswa nyumbani huitambua hasira usoni mwa mtu mapema kuliko watoto wengine, wakati ambapo dalili zake bado ni hafifu. Utafiti huo ulihusu watoto walioumizwa mwilini, tusiuvute zaidi ya hapo. Lakini mwalimu yeyote wa darasa la awali anamjua mtoto anayechunguza uso wa mwalimu badala ya kuangalia ubao. Nguvu za kujifunzia zinakwenda kwenye ulinzi.

Na baadaye? Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa mwaka 1998 huko Marekani uliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao. Kutukanwa, kudhalilishwa na kutishwa na mzazi mara kwa mara kulihesabiwa pamoja na madhila mengine ya utotoni, na kadiri mtu alivyokuwa amepitia aina nyingi za madhila hayo ndivyo uwezekano wake wa kupata sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ukubwani ulivyopanda. Huo ni uwezekano tu, si hukumu. Mtoto mwenye mtu mzima mmoja anayemtegemea na kumtuliza ana kinga kubwa, na mtu huyo unaweza kuwa wewe unayesoma hapa.

Hatua ya kwanza: zijue saa zako mbaya

Kwa wiki moja, kila unapofoka au unapokaribia kufoka, andika kwenye simu au nyuma ya daftari mambo manne: saa ngapi, mlikuwa wapi, nini kilitangulia, na wewe mwenyewe ulikuwa katika hali gani (umekula? umelala? unadaiwa?). Usiandike kosa la mtoto kwanza. Wengi wakifanya hivi hugundua kwamba milipuko yao haijatawanyika siku nzima. Imejikusanya mahali pawili au patatu: alfajiri basi la shule linapopiga honi na soksi moja haionekani, jioni umetoka kwenye foleni na hata viatu hujavua, siku maji yamekatika na ndoo ya mwisho imemwagwa, au tarehe za mwisho wa mwezi.

Ukishazijua, punguza kuni kabla moto haujawaka. Sare, soksi na chupa ya maji viwekwe tayari usiku. Mtoto anayelialia saa kumi na moja jioni apewe ndizi au kiporo cha mchana badala ya kungoja chakula cha saa mbili. Glasi zipande juu, anywee kikombe cha plastiki. Ukitoka kazini, kaa dakika tano nje au kibarazani kabla ya kuingia, kisha umpe mtoto dakika kumi za kwanza bila simu. Mtoto aliyekwisha kukupata hakusumbui sana unapopika. Haya yanaonekana madogo mno mbele ya neno "hasira", lakini kwa maoni yangu yanaokoa nyumba nyingi kuliko ushauri wowote wa kuvuta pumzi.

Zipo pia hasira ambazo hazitokani na siku yako. Mtoto anapolia unapandwa na kitu usichokielewa, kwa sababu wewe ulipolia ulipigwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kuwa takribani robo ya vijana walisema walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wale leo ni wazazi. Kusema "sisi tulifokewa na tumekua" ni kweli, tumekua. Lakini jiulize ulikuwa ukienda kumwambia nani ulipokuwa na shida.

Hatua ya pili: ikamate hasira ikiwa bado mwilini

Kabla ya mdomo kufunguka, mwili hutangulia kusema. Mmoja huumwa taya, mwingine huhisi joto masikioni, mwingine mikono hukunja ngumi, mwingine huanza kuongea haraka haraka. Tafuta ya kwako. Ukiihisi, una sekunde chache tu, kwa hiyo kinachofanyika lazima kiwe kifupi na kiwe kimeamuliwa kabla:

Funga mdomo. Shusha mikono. Rudi nyuma hatua moja. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyoivuta, mara tatu au nne. Waislamu tumeachiwa fundisho kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na ikiwa hasira haijaondoka alale. Atakayelijaribu ataona jinsi ilivyo vigumu kufoka ukiwa umekaa sakafuni. Maji baridi usoni nayo husaidia. Sema kwa sauti, mtoto asikie: "Mama amekasirika. Naenda mlangoni kupumua, narudi sasa hivi." Maneno "narudi sasa hivi" ni ya lazima, maana bila hayo mtoto anaona umemtupa.

Kwa mchanga anayelia bila kunyamaza, hatua hii ni ya uhai na kifo. Kilio cha watoto wachanga huongezeka wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu hadi miezi mitatu au minne. Ni kipindi kinachopita. Mtoto mchanga hatikiswi kamwe, hata mara moja, hata kidogo: shingo yake haiwezi kukihimili kichwa, na kutikiswa kunaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo, kumpofusha au kumuua. Ukihisi mikono inataka kumtikisa, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, mwite jirani au mpigie simu ndugu. Kulia dakika chache kitandani hakumdhuru.

Hatua ya tatu: sema kidogo, ukiwa karibu

Nyumba nyingi zina mtindo huu. Mama yuko jikoni, anaita: "Ingia uoge." Kimya. Anaita tena, na tena. Mara ya sita anafoka, na mtoto anakimbia bafuni. Mama anajiambia kwamba huyu haelewi bila kufokewa. Mtoto naye amejifunza kwamba agizo la kweli ni lile la sita. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliutumia muda mwingi wa maisha yake kuuchunguza mduara huu ambamo mzazi na mtoto wanafundishana kupandisha sauti. Kuuvunja kunagharimu miguu yako: acha mwiko, mwendee, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mguse bega, sema mara moja, "Muda wa kuoga. Twende," kisha mshike mkono mwende. Asipotaka, mbebe bila hotuba.

Maneno yataje kilichotokea na kinachofuata, yasimtaje mtoto mwenyewe. Badala ya "We mtoto una akili kweli?", sema, "Uji umemwagika. Leta tambara tufute." Badala ya "Mbona una roho mbaya hivi?", sema, "Mdogo wako hapigwi. Ulitaka gari lile, sivyo? Mwambie naomba." Badala ya "Nyamaza, mtoto wa kiume halii!", sema, "Umeumia. Njoo." Kumtisha kwa polisi, kwa jini, kwa sindano ya daktari, au kumwambia utamwacha barabarani, kuache kabisa: kunafanya kazi kwa sababu anakuamini, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Sauti kubwa ina mahali pake. Mtoto anapokimbilia barabarani au jiko la mkaa, paza sauti yote: "Simama!" Kwa hiyo iwekwe akiba. Mtoto anayefokewa kwa kila jambo hawezi kutofautisha kelele ya soksi na kelele ya lori.

Atakayekumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, namuunga mkono. Mtoto anyimwe kisu, anyimwe simu usiku, alie, na asipewe. Kulia kwa sababu amekataliwa jambo humkomaza. Kilio cha kukuogopa wewe ni kingine kabisa, na kumkinga nacho hakumharibu.

Hatua ya nne: rudi utengeneze

Utalipuka tena, hata ukifanya yote ya juu. Hapa ndipo wengi hukosea kuliko kwenye mlipuko wenyewe, kwa sababu katika nyumba zetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Anapika chapati, ananunua pipi, anamwita kwa jina la utani, na mambo yanaishia hapo. Mtoto anafurahia pipi, lakini lile hitimisho kwamba yeye ni mbaya linabaki, maana hakuna aliyeligusa.

Tronick, yule wa jaribio la uso mkavu, alipoendelea kuwachunguza akina mama na wachanga wao aliona kwamba hata wanaopatana vizuri huwa wanaendana takriban theluthi tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana na kurudiana. Uhusiano unajengwa na kule kurudiana. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ulifoka asubuhi. Jioni bado ni yako.

Subiri nyote wawili mtulie. Shuka hadi usawa wake. Taja ulichofanya, sema kwamba kufoka kwako si kosa lake, sema utakachofanya mara nyingine, kisha nyamaza. Kwa mtoto wa miaka minne inaweza kuwa hivi: "Mwanangu, asubuhi mama alikufokea sana. Uliogopa. Kufoka kule kulikuwa kosa la mama, si lako. Nisamehe. Siku nyingine nikikasirika nitakwenda kupumua kwanza. Na viatu, tutavitafuta usiku kabla ya kulala." Kwa wa mwaka mmoja na nusu punguza: "Mama alipiga kelele. Pole. Mama yupo." Kwa mchanga, radhi ni ya mwili: mpakate kifuani, sauti ya chini, mpapase mgongo mpaka misuli yake ilegee.

Neno la kuogopa kuliko yote hapo ni "lakini". "Nisamehe, lakini na wewe umezidi" inafuta yote yaliyotangulia. Kosa la mtoto, kama lipo, lizungumzwe peke yake wakati mwingine, na mpaka uliouweka ubaki palepale. Unaomba radhi kwa kufoka, huombi radhi kwa kumkataza kuchezea kiberiti. Usimlilie mtoto mpaka yeye ndiye akubembeleze, huo ni mzigo wa mtu mzima. Asipotaka kukumbatiwa, mwache, mwambie upo, kaa karibu. Wengine hurudi baada ya saa nzima, wakiwa wameshika kitabu au mpira, na huo ndio msamaha wao.

Hofu kubwa ya mzazi ni "nikiomba radhi, mtoto atanidharau". Sikubaliani nayo hata kidogo. Mtoto hupata heshima kwa mtu ambaye neno lake ni lilelile leo na kesho, na mzazi anayekiri kosa anamfundisha mtoto kukiri lake bila kusingizia. Umetaka asiwe mwongo. Mwonyeshe ukweli unavyosemwa ukiwa mgumu.

Hatua ya tano: watu wengine wa nyumbani

Hasira isiyomlenga mtoto nayo humfikia. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame amechunguza kwa miaka mingi jinsi ugomvi wa wazazi unavyowaathiri watoto, na jambo moja lenye manufaa alilolionyesha ni kwamba mtoto hutulia akiona ugomvi umemalizika kweli. Kama mmebishana mbele yake, pataneni mbele yake, hata kwa sentensi mbili.

Kuna mtu tunamsahau: dada wa kazi. Mama anayejizuia kwa mtoto lakini akamshushia matusi binti wa kazi sebuleni amemfokea mtoto pia, maana huyo ndiye anayemlisha na kumwogesha. Na binti aliyedhalilishwa asubuhi ataachiwa mtoto huyohuyo mchana kutwa, mlango umefungwa.

Mkubaliane, wakubwa wote, neno moja au ishara ya kupokezana. Anayeona mwenzake amefika mwisho aseme "nipe mimi", na aliyeambiwa amwachie bila ubishi. Kama ni bibi ndiye mkali, usimkatalie mbele ya mtoto. Mchukue mtoto kwa upole, na mzungumze na bibi faraghani kwa adabu yake.

Wiki za mwanzo

Usishangae mtoto akizidi ukorofi unapoacha kufoka. Amezoea kwamba kelele ndiyo alama ya mpaka, sasa haioni, anautafuta mpaka ulipo. Mwonyeshe kwa mikono na miguu yako, tena na tena. Hesabu ushindi kwa milipuko iliyokuwa mifupi na kwa mara ulizorudi kutengeneza.

Msaada ukihitajika

Hasira ya kila siku inaweza kuwa ugonjwa. Sonona baada ya kujifungua kwa wanawake wengi huja kama hasira na kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, wala si machozi peke yake. Mweleze muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto siku ya kupima uzito. Tafuta msaada pia kama ulevi umo ndani yake, kama umemuumiza mtoto, kama unaiogopa mikono yako mwenyewe, au kama mtoto kwa wiki kadhaa anajificha, amepunguza kuongea, anajiumiza au anaumiza wenzake. Tanzania, afisa ustawi wa jamii yupo katika halmashauri na mara nyingi hupatikana kupitia ofisi ya kata; Desemba 2021 nchi ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa hiyo kuuliza kuhusu mafunzo ya malezi katika kituo cha afya si jambo geni. Namba 116 ni huduma ya simu kwa watoto isiyolipiwa, Tanzania, Kenya na Uganda. Anayepiga si lazima awe mtoto. Mzazi anayehisi anashindwa anaweza kupiga yeye mwenyewe.